Ugumu Wenye Mlango: Sahani ya "A Night at the Opera" na Sikio la Korogwe na Handeni

Ugumu katika sanaa una sura mbili. Kuna ugumu wa nyumba iliyofungwa, ambayo mwenyewe hujivunia ufunguo kuliko anavyojivunia vyumba. Na kuna ugumu wa nyumba kubwa ambayo mlango wake u wazi, mgeni akaingia bila ya kubisha hodi mara tatu, kisha akawa anagundua chumba nyuma ya chumba hata jua likamchwea. Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili wanaijua habari hii pamoja na uchungu wake. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alizipanga sheria za vina na mizani katika kitabu kilichofanywa kipimo na kizazi kizima. Miaka 20 baadaye, katika 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani iliyoziacha sheria hizo na kushika lugha ya mazungumzo ya kila siku, na ugomvi uliozuka baina ya pande mbili haujazimika kabisa hata leo. Wengi walioingia katika ugomvi ule walidhani kwamba jambo la kuamua ni moja tu: ama sanaa ishike sheria na kuwa ngumu, ama iziache na kuwa nyepesi. Hali yapo mashairi ya vina kamili ambayo mtoto huyaelewa akichunga mbuzi, na yapo mashairi huru ambayo mtu mzima huyasoma mara nne na kuyaacha. Ni wachache waliouliza kama kazi moja yaweza kuwa na ugumu mwingi na wepesi mwingi kwa pamoja, wala kimoja kisimle mwenzake.

Jibu moja la swali hilo lilitoka mbali na ushairi. Mwezi Novemba 1975, mwaka mmoja baada ya Kichomi, kundi la Queen la Uingereza lilitoa sahani yake ya nne, A Night at the Opera, jina lililoazimwa kutoka filamu ya kuchekesha ya ndugu wa Marx ya mwaka 1935. Ina nyimbo 12 na huchukua dakika kama 43. Gari dogo litokalo Korogwe kwenda Handeni, mwendo wa kilomita 65, huwa bado halijafika sahani ikiwa imekwisha. Katika muda huo mfupi msikilizaji hupitishwa katika roki nzito, wimbo wa kinanda wa kale, bendi ya jazi, hadithi ya mabaharia, unabii wa gharika na igizo la opera. Ni sahani iliyouzwa kwa wingi mno, na papo hapo ni sahani ambayo wanamuziki waliobobea hawajamaliza kuichambua. Kupima jinsi mambo hayo mawili yalivyokutana kuna faida kwa mwanafunzi wa fasihi, hata kama hana haja na magitaa.

Kuhusu aina yake, wachambuzi huiita roki. Walakini ule muziki ulioitwa baadaye metali progresivu, yaani muziki wa magitaa mazito wenye nyimbo ndefu zinazobadili mapigo na sura mara nyingi, una damu yake ndani ya kazi za Queen za miaka ya 1973 hadi 1975. Dream Theater, kundi la Kimarekani lililoanza mwaka 1985 na kuufikisha muziki huo kwa umma mkubwa kwa sahani ya Images and Words ya 1992, liliukiri ukoo huo waziwazi: mwaka 2009 lilizirekodi upya nyimbo tatu zinazofuatana za sahani ya tatu ya Queen, Sheer Heart Attack. Metallica nao walikuwa wamekwisha kurekodi wimbo mwingine wa sahani hiyo hiyo mwaka 1990. Basi anayetaka kumjulisha mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu Korogwe muziki wa metali wenye akili nyingi, bila ya kumfukuza katika dakika tano za kwanza, hana pa kuanzia palipo bora kuliko hapa.

Kuna sababu nyingine, nayo yahitaji kusemwa kwa hadhari. Mwimbaji wa kundi hili, aliyejulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi wenye dini ya Zoroasta waliotoka Uhindi. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika mahakama ya serikali ya kikoloni. Alipelekwa shule Panchgani, Uhindi, akarudi Unguja mwaka 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jamaa yake walihamia Uingereza. Alikufa London tarehe 24 Novemba 1991. Tangu hapo watu wamemvuta huku na huku. Mwaka 2006 sherehe iliyotengenezwa Unguja kwa kumbukumbu ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilivunjwa kwa sababu ya upinzani wa kidini; mwaka 2019 ilifunguliwa makumbusho yake katika Mji Mkongwe. Wanaomkataa wana hoja zao za maadili, ambazo si kazi ya mhakiki wa muziki kuzihukumu. Wanaomdai kuwa wetu nao wanapaswa kuulizwa: ni wetu kwa kipi? Hakuimba Kiswahili. Hakutumia udi wala ganuni, wala hakuna katika sahani hii mdundo mmoja ambao msikilizaji wa taarabu ataruka na kusema "huu wa nyumbani." Kumtia katika historia ya muziki wa Waswahili kwa hati ya kuzaliwa peke yake ni kazi ya mwuza tikiti. Kama kuna udugu, utafutwe ndani ya kazi yenyewe na ndani ya sikio la anayesikiliza.

Sikio hilo, kwa upande wa Korogwe, lina historia ya pekee. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902, na katani, ambayo Richard Hindorf aliileta nchini mwaka 1893, ikayafunika mabonde ya jirani. Magunga, Ngombezi, Hale na Mazinde yakawa majina yanayojulikana hata Kigoma na Songea, kwa sababu huko ndiko walikotoka manamba, watu wa mkataba, waliokuja kukata mkonge pamoja na Wazigua, Wabondei na Wasambaa wenyeji. Kila kabila lilikuja na ngoma yake. Siku ya mapumziko kambini, mtu aliweza kusikia ngoma za nchi nne au tano kabla ya jua kutua, moja ikianza kabla nyingine haijakoma. Wahakiki wa Ulaya walipoisikia A Night at the Opera wengi walishangazwa na mchanganyiko wake: vipi wimbo wa chai ya mchana wa Kiingereza uketi karibu na gitaa linalonguruma? Mtu aliyelelewa na kambi za katani hawezi kuuliza swali hilo. Kwake yeye mchanganyiko ndiyo hali ya kawaida ya muziki. Atauliza tu kama kila ngoma imepigwa vizuri ilipofika zamu yake.

Handeni ni jambo jingine. Huko ni bara kavu la Wazigua, nchi ya mahindi na ya kuitazama mvua, na urithi wake mkubwa ni simulizi. Hadithi ya Kizigua, kama hadithi nyingi za Kibantu, haisemwi tu. Mahali fulani msimulizi husimamisha maneno na kuanza wimbo, wasikilizaji wakaitikia, kisha maneno yakarudi na mambo yakawa yamebadilika. Wimbo ule si pambo. Ndani yake zimwi hujitambulisha, au mtoto aliyezikwa husema aliyemwua. Aliyezoea umbo hilo anao tayari ufunguo wa "Bohemian Rhapsody", wimbo wa dakika tano na sekunde 55 usio na kiitikio, ambao wasimamizi wa biashara waliuona mrefu mno kwa redio. Kijana anaungama mauaji kwa mama yake, maneno yanasimama, kunaingia baraza zima la sauti linaloshindana juu ya roho yake, huku likitaja majina ya michezo ya Kiitalia na jina la mtaalamu wa nyota, halafu gitaa linalipuka kwa hasira, na mwisho ni unyonge mtupu. Mwingereza aliambiwa kwamba hilo ni fumbo. Mtoto wa Handeni atasema ni hadithi, na katikati ya hadithi wameimba.

Katika baraza lile la sauti kuna neno moja ambalo lapaswa kutajwa: Bismillah. Msikilizaji wa Birmingham hulipokea kama mlio wa kigeni, sawa na majina mengine yaliyolizunguka. Msikilizaji wa Korogwe hulisema kabla ya kula. Hivyo mahali ambapo mtunzi alitupa neno kwa ajili ya ugeni wake, hapa ndipo ugeni unapokoma, na wimbo unageuka kwa nukta moja. Wapo wanaotaka kujenga juu ya neno hili nadharia nzima ya utoto wa Unguja. Jengo hilo ni zito kuliko msingi wake. Inatosha kusema kwamba Bulsara alikua katika mji ambamo neno hilo lilisikika kutwa, kwamba alilijua uzito wake, na kwamba katika "Mustapha", wimbo wa kwanza wa sahani ya Jazz ya mwaka 1978, aliurudia ulimwengu huo wa sauti kwa urefu zaidi na kwa mafanikio madogo zaidi.

Muziki wa dansi nao umelitayarisha sikio hili. Tanga ya miaka ya 1960 ilikuwa na Atomic Jazz, Jamhuri Jazz na Amboni Jazz. Katika Jamhuri ndimo walimoanzia ndugu wa Kinyonga, ambao baadaye walipitia Arusha na kuingia Kenya, wakawa Simba Wanyika. Wimbo wa dansi wa mtindo huo una nyumba mbili. Kwanza huimbwa polepole, habari ikaelezwa. Kisha gitaa la solo hushika usukani, mapigo yakachemka, na wachezaji wakaja kati. Hakuna mtu Korogwe aliyewahi kulalamika kwamba wimbo umegeuka katikati. Angalilalamika kama usingegeuka! Zaidi ya hayo, magitaa matatu ya dansi, kila moja likisema lake na yote yakafanya neno moja, yalimfundisha msikilizaji kufuata nyuzi kadhaa kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo elimu inayotakiwa mbele ya Brian May, ambaye gitaa lake, alilolitengeneza kwa mikono yake pamoja na baba yake kuanzia mwaka 1963, hurekodiwa juu ya nafsi yake mara nyingi hata likawa kundi zima.

Ili kuona thamani ya mlango, yafaa kuitazama nyumba isiyo nao. Mwezi Machi 1974 Queen walitoa sahani ya pili, Queen II, ambayo pande zake mbili hazikuitwa kwa herufi bali ziliitwa Upande Mweupe na Upande Mweusi. Upande Mweusi, wote wa Mercury, ni kazi ya ustadi wa kutisha. Katika "The March of the Black Queen" kuna mahali ambapo mapigo ya namna mbili hupigwa kwa pamoja, moja likigawanyika kwa mbili na jingine kwa tatu. Jambo hilo husifiwa mno katika vitabu vya roki. Mpiga ngoma yeyote wa Afrika ya Mashariki hulifanya bila kulitaja, kwa hiyo si hapo ulipo ugumu wa sahani ile. Ugumu wake ni kwamba haipumui. Wazo likizaliwa huuawa na wazo linalofuata. Wimbo haukai mahali kiasi cha kumruhusu msikilizaji aone yuko wapi. Mashabiki wa kweli huipenda zaidi ya zote, na katika mapenzi hayo kuna haki na kuna majivuno kidogo, kama mapenzi ya mwanachuo kwa utenzi ambao yeye peke yake ameusoma.

Miezi 20 baadaye ustadi ni ule ule, pengine umezidi, lakini umepangwa. Hili ndilo jambo kubwa la A Night at the Opera, nalo halikusifiwa vya kutosha. Utaratibu wake ni wa mwandalizi wa karamu. Wimbo mkali hufuatwa na kichekesho cha dakika moja, "Lazing on a Sunday Afternoon", ambamo sauti ya Mercury ilipitishwa katika spika za masikioni zilizowekwa ndani ya kopo, ili itoke kama ya santuri ya zamani. Kichekesho hufuatwa na wimbo wa Roger Taylor wa kulipenda gari, ambao hauhitaji maelezo kwa yeyote aliyesimama kituo cha Korogwe akaona madereva wa njia ya Arusha wanavyoyapamba mabasi yao. Kisha huja "You're My Best Friend" wa John Deacon, wimbo wa moyo mweupe kabisa. Msikilizaji anayecheka na kutulia hivi hajui kwamba anafundishwa. Anafika upande wa pili wa sahani akiwa amekwisha zoea kugeuzwa. Ndipo anapokutana na mlima.

Mlima huo ni "The Prophet's Song", nao, kwa kupima mambo yote, ndio moyo wa sahani, wala si "Bohemian Rhapsody". Ni wimbo wa May, mrefu kuliko zote za sahani hii, dakika nane na zaidi, uliotokana na ndoto yake ya gharika. Mtu mwenye maono anawaonya watu waliokusanyika. Habari ya Nuhu yajulikana kwa Mwislamu na Mkristo wa Handeni sawasawa, na tenzi za mitume zimewazoeza wasomaji wa Kiswahili sauti ya onyo la namna hii. Mwanzo ni upepo na nyuzi chache za koto ya kuchezea watoto. Kisha gitaa zito laingia kwa hatua za mtu mzima anayepanda. Na katikati, wakati kundi lolote jingine lingelimpa mpiga gitaa nafasi ya kujionyesha, ala zote zinanyamaza. Inabaki sauti ya Mercury peke yake. Anaimba kipande, utepe unaichelewesha sauti hiyo na kuirudisha, naye anaimba juu yake, na tena juu ya hiyo, hata mtu mmoja akawa watu watatu wanaofuatana bila kushikana. Zaidi ya dakika mbili hakuna kingine.

Mahali hapa pamewagawa hata mashabiki. Wanaosema kuwa ni mchezo wa mitambo uliorefushwa wana kisa, kwa kuwa dakika ya pili yaweza kuchosha ikisikilizwa kwa spika mbovu ya simu. Lakini maana ya wimbo imesimama juu ya hatari hiyo. Nabii hana mwitikiaji. Katika ngoma, katika hadithi, katika kaswida, anayeanzisha huitikiwa. Huo ndio mkataba wa sanaa ya sauti kwa watu wa nchi hizi. Huyu anaanzisha, na anayemwitikia ni mwangwi wake mwenyewe. Msikilizaji aliyelelewa katika sanaa ya kuitikiana hulisikia pengo hilo kwa mwili wake, kama mtu anyooshaye mguu gizani akakosa ngazi. Pengine ndipo mahali pamoja katika sahani hii ambapo sikio la Handeni lina mamlaka kuliko sikio la London.

Na mlima ukishashukwa, bila hata nukta ya kimya, huingia "Love of My Life", wimbo mwepesi kuliko wote, kinanda na sauti na kinubi ambacho May alikipiga kwa kujikongoja, mlio baada ya mlio. Hapa utaratibu wa karamu waonekana wazi kabisa. Wimbo huo baadaye uliwatoka wenyewe ukawa wa umma: kule Amerika ya Kusini, São Paulo mwaka 1981 na Rio mwaka 1985, umati wa watu ambao wengi hawakuwa na Kiingereza uliuimba wenyewe, mwimbaji akanyamaza kusikiliza. Nabii aliyekosa waitikiaji, wimbo unaomfuata ulipata waitikiaji maelfu kwa maelfu. Watunzi hawakulipanga hilo, lakini waliziweka nyimbo mbili hizo jirani, na ujirani huo una maana.

Kuna wimbo mwingine wa May ambao wastahili kusomwa na wanafunzi wa Korogwe pamoja na historia ya mji wao. "'39" una umbo la wimbo wa watu wa kawaida, gitaa la mti na sauti za kuitikia, hata mtu hudhani ni wimbo wa mabaharia. Wanaojitolea wanaondoka kutafuta nchi mpya. Wanarudi wakiwa wamezeeka mwaka mmoja tu, hali waliowaacha wamepita miaka mia. Mtunzi alikuwa mwanafunzi wa elimu ya nyota, ambaye alikuja kupata shahada yake ya udaktari mwaka 2007, na kisa chake chatoka katika nadharia ya Einstein ya mwendo na wakati. Hapa ugumu umefichwa ndani ya wepesi kwa werevu ambao Shaaban Robert angeliutambua, yeye aliyeificha hoja ya haki na sheria ndani ya safari za Kusadikika mwaka 1951. Lakini manamba hakuhitaji Einstein. Aliyetoka Kigoma kwa mkataba, akavuka wakati wake na kukaa miaka mingi Magunga, alirudi kwao akakuta mwanawe ana mke na mama yake ana kaburi. Naye alidhani ameondoka jana. Wimbo huu haukumkusudia. Unamfaa hata hivyo, na kufaa huko ni jambo la kweli kuliko hati ya kuzaliwa ya mwimbaji.

Sahani haina ukamilifu, na shabiki anayekataa kusema hivyo huidhulumu. "Sweet Lady" ni udhaifu ulio wazi: mapigo yake ya tatu tatu, mahali ambapo gitaa la namna ile hutaka nne, yanavutia mkononi na kuchosha sikioni, na maneno yake hayafai kuwekwa karibu na hayo mengine. Ni mfano mzuri wa mizani isiyo na shairi. "Seaside Rendezvous" husimama kwa uchangamfu wake tu; Mercury na Taylor wanaiga zumari na tarumbeta kwa midomo yao, jambo la kuchekesha mara ya kwanza na la kustahimiliwa mara ya kumi. "Good Company" ni bora zaidi, kwa kuwa bendi nzima ya jazi inayosikika ndani yake ni gitaa la May peke yake, na mzaha huo una huzuni chini yake.

Swali kubwa zaidi ni la wimbo wa kwanza, "Death on Two Legs", ambao ni laana kwa mtu aliyewasimamia zamani, asiyetajwa jina katika maneno yake. Muziki wake ni fundisho: kinanda kinaingia kama mvua ya mbali, magitaa yanapanda kama king'ora, na ghafula kila kitu kinakatwa. Maneno, walakini, ni matusi. Tanga ni nchi ya Black Star na Lucky Star, nchi ambamo Shakila binti Saidi aliimba mafumbo ambayo kila mtu alimjua mlengwa wake wala hapakuwa na awezaye kushtaki. Kwa kipimo hicho Mercury amepoteza sanaa mahali alipoificha jina na kuifunua chuki. Kijembe hufanya kinyume, huificha chuki na kumwacha kila mtu alikisie jina. Labda ndiyo sababu wimbo huu, pamoja na uzuri wake wote, hausikiki ukiimbwa mitaani na mtu yeyote.

Jambo moja la ufundi lisipitwe. Juu ya jalada Queen waliandika, kama walivyozoea miaka ile, kwamba hakuna sintesaiza iliyotumiwa. Sauti za "Bohemian Rhapsody" ni za watu watatu, May, Mercury na Taylor, walioimba saa nyingi siku baada ya siku na kuwekwa tabaka juu ya tabaka katika mtambo wa njia 24, hata, kama wanavyosimulia wenyewe, utepe ukachakaa kwa kupitishwa mara nyingi. Tangazo lile lilikuwa la majigambo, lakini lina ukweli wa uhakiki ndani yake. Sikio hutambua kazi ya koo hata lisipoijua mbinu. Mtu wa kwaya ya Kideleko au wa madrasa ya Korogwe mjini, ambaye hajapata kuingia studio, anajua inavyokuwa sauti tatu zikikaa pamoja na inavyogharimu. Sehemu kubwa ya mlango wa sahani hii ni hiyo: ugumu wake umetengenezwa na kitu ambacho kila mtu anacho.

Kisha kuna kipande cha mwisho, dakika moja na kitu, ambacho wengi wa wanaosikiliza kwa simu hawakifikii, maana "Bohemian Rhapsody" ikiisha huona mambo yamekwisha. Ni wimbo wa taifa wa Waingereza kama ulivyoitwa wakati ule, "God Save the Queen", uliopigwa kwa magitaa ya May tabaka kwa tabaka, na ngoma za Taylor, pasipo neno. Huko Uingereza waliusikia kama mzaha wa kuagana, au kama heshima, kila mtu na alivyopenda. Hapa wimbo huo una mwili mwingine. Wazee waliosoma shule za Korogwe na Handeni kabla ya tarehe 9 Desemba 1961 waliusimamia mstarini, mikono ubavuni. Bulsara naye alizaliwa chini ya bendera hiyo hiyo, mtoto wa mtumishi wa serikali yake, na kundi alilolipa jina la Malkia lilikuwa na wimbo huu mfukoni tangu mwanzo. Je, aliyeusikia utotoni kama amri na kuuchezesha ukubwani kwa magitaa ameusujudia au ameulipiza? Sahani haisemi. Mzee aliyeusimamia miguu mitupu akiwa darasa la nne, akiusikia leo ukitoka katika simu ya mjukuu wake, yumkini atacheka, na yumkini atataka uzimwe. Magitaa yameacha nafasi kwa yote mawili, na ngoma ya mwisho hukatika kabla hajaamua.